Kabla ya Kisu Kufika Kakuma

Siku ya kutoa uvimbe wa hidatidi, ukisimama nami kando ya meza ya vyombo, utakachokiona kwanza ni vitambaa. Naviloweka katika maji ya chumvi ya asilimia 20, makali kuliko maji ya bahari zaidi ya mara tano. Navikamua, nampa daktari kimoja kimoja, naye anavipanga kuzunguka ini mpaka kinachobaki wazi ni kile kifuko cheupe kilichotuna. Mtaalamu wa usingizi ameshaivuta adrenalini kwenye bomba la sindano na kuiweka karibu. Ndipo sindano nene inapochomwa, na maji maangavu yanaanza kupanda kwenye mpira wa kufyonzea. Mpaka yaishe, hakuna anayepiga porojo.

Mimi ni mwuguzi wa thieta, mzaliwa wa Lodwar, Turkana, na kazi hii nimeifanya Lodwar na Kakuma. Jamaa za wagonjwa hungoja nje, kwenye kivuli cha ukuta, na nikitoka hunipokea kwa maswali. Sista, mbona alipewa dawa ya minyoo kabla ya kupasuliwa? Mbona ametundikiwa dawa mbili na si moja? Hizo nguo za chumvi ni za nini? Kila swali lina jibu, na ukilifuata jibu hadi chimbuko lake, mara nyingi unamkuta mnyama: sungura, panya, kondoo au nyani. Sisi tunaoishi kwa mifugo tunajua mnyama hachinjwi bure. Kwa hiyo nadhani tuna haki ya kujua hawa walikufa kwa ajili gani, na kama tulichokipata kwao kinatufikia.

Mbwa, mbuzi, mtu

Hidatidi huletwa na tegu wa mbwa. Ni mnyoo mdogo wa milimita chache tu, tofauti na yule tegu mrefu anayetisha watu. Anaishi kwenye utumbo wa mbwa, mayai yake hutoka na kinyesi, kisha hushika kwenye manyoya, kwenye mchanga na kwenye maji ya kisima kilichochimbwa katika laga. Mbuzi, kondoo au ngamia akiyameza, huota vifuko vya maji kwenye ini na mapafu. Siku ya kumchinja, mwenye kisu akiona ini lina maji hulikata na kulitupia mbwa, na safari inaanza upya.

Mtu huingia katika safari hiyo kwa bahati mbaya. Kwake kifuko hukua polepole, pengine miaka kumi au zaidi, bila homa wala maumivu makubwa. Nimepokea akina mama ambao majirani walikuwa wameshawapongeza kwa mimba.

Ugonjwa huu ndio ulioipa Turkana jina ambalo hakuna aliyelitaka. George Nelson na Robert Rausch waliandika juu ya maambukizi ya watu na wanyama wa Kenya mwaka 1963. Mwaka 1982, French, Nelson na Michael Wood, yule daktari mpasuaji aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa shirika la afya la AMREF mwaka 1957, walieleza hali ya Turkana kwa kirefu. Kaskazini magharibi mwa wilaya, idadi iliyotajwa katika miaka hiyo ilikuwa wagonjwa wapya 220 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Hakuna mahali pengine duniani palipokuwa pamerekodiwa idadi kubwa kuliko hiyo. Sababu mojawapo ilikuwa ukaribu wetu na mbwa: mahali maji ni ya kuhesabu, mbwa ndiye aliyemsafisha mtoto akijichafua, na usiku alilala na watu kibandani.

Kuanzia mwaka 1983 AMREF iliendesha mpango wa kuudhibiti ugonjwa, ikiwapa mbwa dawa na kuwafundisha watu. Calum Macpherson, Eberhard Zeyhle na Thomas Romig walibeba mashine ya ultrasaundi hadi kwenye manyatta na kuwapima watu hukohuko walikohamia na mifugo yao. Ripoti yao ilitoka katika jarida la Lancet mwaka 1987. Tangu hapo ugonjwa umepungua, ila haujaisha. Nao haujui mpaka: Watoposa wa Sudan Kusini na Wanyangatom wa Ethiopia wanaumwa kama sisi, na kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, inapokea wagonjwa kutoka pande hizo zote.

Sungura wa Mfaransa

Hofu ya lile tone la maji ina historia. Ndani ya kifuko kuna kitu ambacho madaktari hukiita mchanga wa hidatidi. Ni vichwa vya minyoo, maelfu kwa maelfu, visivyoonekana kwa macho. Wapasuaji wa karne ya 19 waliona mgonjwa aliyetolewa kifuko kimoja akirudi baada ya miaka na tumbo lililojaa vifuko. Wengine walidhani ni ugonjwa mpya, kwamba mtu amekula mayai mengine.

Daktari Mfaransa Félix Dévé, aliyefanya kazi zake nyingi mjini Rouen, ndiye aliyelimaliza shauri hilo. Aliuchukua mchanga ule na kuwachoma sungura tumboni, akangoja miezi. Alipowafungua alikuta vifuko vimeota juu ya utando wa tumbo, na mayai ya mbwa hayakuhusika kabisa. Kazi yake ya mwaka 1901 juu ya hidatidi ya pili, yaani ile inayozaliwa na ya kwanza, iliwaambia wapasuaji neno zito: ukimwaga, umepanda. Juu ya hilo, maji yenyewe yakimwagika yanaweza kuuamsha mwili kwa ghafla, presha ikashuka na pumzi ikabana pale pale mezani. Adrenalini huwekwa tayari kwa sababu hiyo.

Vitambaa vya chumvi ni jibu la wale sungura. Haikuwa rahisi kupata dawa ya kuua vichwa vya minyoo bila kumuumiza mwenye tumbo. Formalini iliviua vizuri, lakini ikiingia kwenye mirija ya nyongo inaiunguza na kuiacha na makovu, basi ikaachwa. Chumvi kali nayo ina masharti yake: ikibaki nyingi tumboni huingia kwenye damu na kuivuruga. Ndiyo maana vitambaa hukamuliwa, na ndiyo maana mimi huvihesabu vikiingia na kuvihesabu vikitoka.

Mwaka 1986 madaktari wa Tunisia walipendekeza njia isiyohitaji kupasua tumbo kwa baadhi ya wagonjwa: unachoma sindano ukiongozwa na ultrasaundi, unafyonza, unaingiza dawa, unafyonza tena. Njia hiyo ilichunguzwa pia kwa mnyama. Mwaka 1993 Okan Akhan na wenzake wa Uturuki walichapisha jaribio la kutibu vifuko vya tumbo vya kondoo kwa sindano, wakitumia chumvi kali na pombe.

Na vidonge? Mwaka 1974 na 1975, D. D. Heath na wenzake walionyesha kwamba mebendazole huviua vifuko vilivyopandwa kwenye matumbo ya panya wadogo. Mwaka 1985 David Morris na wenzake Uingereza waliwapa albendazole kondoo waliokuwa tayari na vifuko vya mapafu, kwa nia ya kujua itamfaa binadamu namna gani. Mwaka uliofuata, G. B. A. Okelo alitoa ripoti ya wagonjwa 12 wa Kenya ambao hawakuweza kupasuliwa, waliotibiwa kwa albendazole. Ripoti hiyo ilitoka katika mfululizo wa makala juu ya utafiti wa hidatidi Turkana. Leo mgonjwa akimeza albendazole kabla ya upasuaji na baada yake, lengo ni kwamba hata tone likitoroka, kilichomo kiwe kimeshadhoofika au kimekufa.

Utando ambao kila mchinjaji ameuona

Wasomaji wa mjini huenda hawajawahi kuuona utando wa tumbo, lakini Mturkana ameuona tangu utotoni. Mchune mbuzi, mpasue kwa uangalifu, na kabla hujafikia matumbo utakutana na ngozi nyembamba inayong'aa na kuteleza. Ngozi hiyo imetanda ndani ya ukuta wote wa tumbo, kisha imegeuka na kuyafunika matumbo yenyewe. Kwa mtu mzima, eneo lake likitandazwa linakaribia lile la ngozi yote ya mwili. Wazee wanaosoma matumbo ya mbuzi kutabiri vita na mvua huyatandaza kwa upole, maana yakichanika hayasomeki. Na mchinjaji akitoboa utumbo kwa bahati mbaya, kila aliye karibu anajua kwa harufu, na nyama huoshwa haraka.

Utando huo ukikwaruzwa, ukikaushwa na taa za thieta au ukiguswa na uchafu, huvimba. Katika saa chache hutoa ute wa damu unaoganda, na mahali pawili palipogandana hushikana. Mwili ukiuyeyusha ute huo katika siku za mwanzo, matumbo huteleza tena. Usipouyeyusha, nyuzi za kovu huingia, na baada ya hapo mshikamano ni wa kudumu. Mwaka 1990 Donald Menzies na Harold Ellis waliripoti juu ya wagonjwa 210 waliokuwa wamewahi kupasuliwa tumbo: asilimia 93 walikuwa na mshikamano wa aina hiyo. Wengi hawaujui maisha yao yote. Kwa wengine, miezi au miaka baadaye, utumbo hukunjika kwenye uzi wa kovu, tumbo likafunga, mtu akatapika mfululizo, na kisu kikarudi palepale.

Ellis huyo ndiye aliyekuwa ameigeuza kazi yetu tangu mwaka 1962. Wapasuaji walifundishwa kwamba utando uliochanika lazima ushonwe, na aliyeuacha wazi alionekana mzembe. Ellis aliwafanyia panya matundu kwenye utando wa ukuta wa tumbo. Mengine aliyashona vizuri, mengine aliyaacha wazi. Yaliyoachwa wazi yalipona laini. Yaliyoshonwa ndiyo yaliyovuta matumbo na kunata nayo. Uzi unaokaza huinyima nyama damu, na nyama iliyonyimwa damu hujitafutia jirani wa kushikamana naye. Kwa jambo lililofundishwa vizazi kwa vizazi, lilikuwa tusi kubwa kutoka kwa panya.

Kutoka hapo kufika kwa binadamu kulichukua miaka mingi, na Kenya ilikuwemo. Jaribio la CORONIS liliwaandikisha wanawake 15,935 waliojifungua kwa upasuaji kati ya mwaka 2007 na 2010 katika nchi saba: Argentina, Chile, Ghana, India, Kenya, Pakistan na Sudan. Moja ya maswali yake lilikuwa hilohilo, kushona utando au kuuacha. Matokeo ya mwaka 2013 hayakuonyesha tofauti ya maana katika matatizo ya muda mfupi. Panya walisema kuacha ni bora. Wanawake wakasema, angalau kwa majuma ya mwanzo, kuacha hakudhuru. Majibu hayo mawili hayafanani kabisa, na msomaji aishike tofauti hiyo, kwa kuwa nitaihitaji baadaye.

Glavu nazo zina kisa chao. Zamani zilipakwa unga ili zivalike upesi. Majaribio ya wanyama na makovu ya wagonjwa yalionyesha kwamba unga huo ukidondoka tumboni huuchokoza utando, ukaota vinundu na kunata. Marekani ilizipiga marufuku glavu za unga kuanzia Januari 2017. Kwetu, pakiti ikija na unga, daktari mzoefu hunyoosha mikono nikaisuuza glavu kwa maji ya dripu kabla hajagusa chochote.

Kwa nini dawa mbili

Siku nyingi adui wetu si hidatidi. Ni kidole tumbo kilichopasuka, utumbo uliotobolewa na taifodi, au risasi. Kinyesi kikimwagika ndani, utando wote huwaka. Tumbo hukauka kama ubao, mgonjwa akahema kwa juujuu na kukataa hata shuka kumgusa.

Zamani madaktari hawakukubaliana ni bakteria gani wa kinyesi anayeua. Mwaka 1974 na 1975, Weinstein, Onderdonk, Bartlett na wenzao nchini Marekani waliweka kipimo cha kinyesi ndani ya vidonge vya jelatini, wakavipandikiza kwenye matumbo ya panya. Ugonjwa ulikuja kwa awamu mbili. Kwanza, panya 37 kati ya kila 100 wasiotibiwa walikufa mapema kwa bakteria walioingia kwenye damu. Waliopona awamu hiyo, wote, waliota majipu tumboni. Walipopewa gentamicin peke yake, vifo vilishuka hadi karibu 4 kwa 100, lakini majipu yakabaki vilevile. Walipopewa clindamycin peke yake, majipu karibu yaliisha, ila vifo vikabaki juu. Walipopewa zote mbili, vifo na majipu vikashuka pamoja. Kulikuwa na maadui wawili: mmoja anapenda hewa na anaua haraka, mwingine anaichukia hewa na anajenga jipu polepole.

Basi, kwa mzee anayeniuliza kwa nini mwanawe ametundikiwa ceftriaxone na bado akaongezewa metronidazole, jibu langu ni hilo. Majina ya dawa yamebadilika tangu wakati wa wale panya, lakini hesabu ni ileile.

Nyani wa Nairobi

Utafiti wa namna hii umefanyika hapa nchini pia. Taasisi ya Utafiti wa Nyani iliyoko Karen, Nairobi, ambayo chimbuko lake ni Louis Leakey, imekuwa na nyani wa kuchunguzwa kwa miongo mingi. Hapo ndipo Thomas D'Hooghe, daktari wa Ubelgiji, alipofanya kazi na wenzake wa Kenya juu ya endometriosisi, ule ugonjwa ambao nyama ya ndani ya mji wa mimba huota nje yake na kuuchokoza utando wa tumbo kila mwezi. Nyani jike hupata hedhi kama mwanamke, jambo ambalo panya hana. Mwaka 1995 waliripoti kwamba nyama ya hedhi ikiingizwa kwenye nyonga ya nyani, ugonjwa huota. Mwaka 2001 walichapisha vipimo vya dalili za uvimbe katika maji ya tumbo ya nyani hao. Wanawake wengi walioambiwa kwamba maumivu yao ya hedhi ni deko wana deni kwa nyani wale. Na katika hidatidi yenyewe, Rogan, Macpherson na wenzao waliandika mwaka 1993 juu ya tumbili na nyani kama wanyama wa kuchunguzia kinga ya mwili.

Kuna watakaouliza, na ni haki yao: huo si ukatili? Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inayodai leseni kwa majaribio ya namna hii. Tangu kitabu cha William Russell na Rex Burch cha mwaka 1959, watafiti hutakiwa kutafuta kwanza njia isiyohitaji mnyama, kisha kupunguza idadi, kisha kupunguza maumivu. Mimi natoka kwa watu wanaomtaja ng'ombe kwa jina na rangi yake na bado wakamchinja siku ya harusi. Ninachokidai ni kwamba jaribio lijibu swali la kweli. Mnyama aliyeuawa kwa jaribio lililopangwa ovyo, au kwa swali lililokwisha kujibiwa, huyo ndiye aliyeonewa.

Panya hajui barabara ya Kibish

Sasa ile tofauti niliyoomba ishikwe. Panya wa maabara ni kijana, ameshiba, hana malaria, na mtafiti anajua dakika aliyoanza kuugua. Mgonjwa wangu ametoka upande wa Kibish au Oropoi. Tumbo lilimpasukia siku kadhaa nyuma. Amebebwa kwa pikipiki, amengoja mto uliofurika upungue, damu yake ni chache na figo zimeanza kuchoka. Dawa iliyomwokoa panya saa nne baada ya kuumizwa haijaahidi lolote juu ya siku ya nne.

Dunia imelipia somo hilo. Dawa nyingi za kutuliza uvimbe wa mwili mzima ziliwafaa wanyama wa maabara zikawaangusha watu. Mojawapo, Xigris, iliruhusiwa mwaka 2001 na kuondolewa sokoni mwaka 2011. Mwaka 2013 kundi la Junhee Seok lilionyesha kwamba jeni za panya na za binadamu hazijibu ajali na moto kwa namna moja. Mwaka 2015 watafiti wengine walizipitia takwimu zilezile wakapata mfanano mkubwa. Mabishano yanaendelea. Mimi naona mnyama anatuambia tuanzie wapi. Mahali pa kufika ni mgonjwa mwenyewe, wa hapa, aliyehesabiwa na kufuatiliwa vizuri, kama wale wanawake wa CORONIS.

Ndiyo maana sioni kama kukosekana kwa ugunduzi mpya ndiko kunakotuua zaidi Turkana. Chumvi inajulikana. Albendazole inajulikana, na praziquantel ya mbwa inajulikana. Dawa mbili za tumbo lililopasuka zinajulikana kwa takriban miaka 50. Vifo vyetu viko katikati, kati ya kujua na kufika: gari lisilo na mafuta, stoo isiyo na metronidazole mwisho wa mwezi, mtoto aliyepelekwa kwa mganga kwanza, ini lililotupiwa mbwa.

Hilo la mwisho halihitaji daktari. Ini lenye maji lichomwe, au lifukiwe kina ambacho mbwa hawezi kuchimbua. Mbwa wa boma apewe dawa ya minyoo kwa ratiba ya afisa wa mifugo. Mtoto anawe mikono akitoka kucheza naye. Aliye na tumbo linalokua bila sababu aombe ultrasaundi kabla halijafika kiwango cha kisu. Na ukimpeleka mtu wako apasuliwe tumbo, uliza kama atapewa dawa za kutosha kabla na baada, na atarudi kuangaliwa lini. Majibu yalishapatikana kwa gharama ya wanyama wengi. Kuyadai hospitalini ni haki yako, na kumfungia mbwa mlango wa machinjio ni kazi yako.